Fisi Hakuambiwa Kwamba Nyama ni Moja

Saa mbili asubuhi, studio bado haijafunguliwa rasmi, lakini ukichungulia dirishani utaona miguu. Ni miguu ya mwanamke, imevaa soksi zisizofanana, na imetokeza chini ya meza ya kompyuta. Mwili uliobaki uko huko ndani, unanung'unika.

"Ingia tu, mlango uko wazi," inasema sauti kutoka chini. "Ila usikanyage waya wa bluu. Huo mwekundu ukiukanyaga nitakusamehe."

Hivyo ndivyo fundi huyu anavyokaribisha wageni. Ana miaka hamsini na mitatu, viganja vipana, na koleo la kubania vichwa vya waya ambalo halitoki mfukoni hata akienda msibani. Mtaani hakuna anayemwita jina alilopewa na wazazi. Kuanzia muuza vocha wa ng'ambo ya barabara hadi mume wake wa ndoa, wote humwita Njia Mbili.

Kazi yake ni kuunganisha kompyuta za mezani na sanduku la diski linalotunza kazi zote za ofisi, na kuziunganisha kwa njia zaidi ya moja, ili waya mmoja ukikatika kazi isisimame. Amefanya hivyo kwenye zahanati, kwenye shule, kwenye viwanda vya kuchapa. Lakini leo hayuko kwa mteja. Studio hii ya picha ni ya ukoo wa mumewe. Humu ndimo alimoolewa, ndimo alimojifunzia kazi, na mwisho wa mwezi huu ndimo atakamotoka.

Mwenye nyumba anataka vyumba vyake. Hana ubaya, wanasema, kavumilia vya kutosha. Siku nzuri studio hupata wateja wanne wa picha za pasipoti, na wawili kati yao huomba wapigwe kwa simu zao wenyewe. Pango la miaka ya karibuni limelipwa na kazi za nje za Njia Mbili, na naye amechoka kulipia pazia.

Pazia lenyewe bado lipo chumba cha mbele. Limechorwa maporomoko ya maji, na maji yale yamefifia mpaka yanafanana na maziwa. Mbele yake kuna kiti cha enzi cha mbao, mkono mmoja umeungwa kwa gundi. Wazee wa mtaa huu walikalia kiti hicho wakiwa vijana wenye shingo nyembamba, wameazima koti na saa ya mkononi.

Lakini kabla funguo hazijarudishwa, iko kazi. Kwenye rafu za nyuma yamepangwa masanduku ya negetivu, zile filamu za zamani ambazo nywele huonekana nyeupe na meno meusi. Karibu kila mtu mwenye mvi mtaani hapa yumo humo. Na filamu zimeanza kuoza. Ukifungua sanduku, harufu ya siki inakupiga puani kabla hujaona kitu. Zinajikunja, zinanata, nyingine zinakatika ukizigusa.

Familia inaziskani moja moja ziingie kwenye kompyuta kabla hazijawa unga.

"Filamu iliyofika hapa inakubali kulazwa kwenye kioo cha skana mara moja tu," anasema Njia Mbili, ambaye sasa ametoka chini ya meza na anajipangusa vumbi magotini. "Ukiibandua inabanduka na ngozi yake. Hakuna cha 'ngoja nirudie'. Mtandao ukikatika picha ikiwa nusu, basi. Mtu huyo kafa mara ya pili."

Kompyuta zao tatu ni za mitumba na diski za ndani zimechoka. Picha, ambazo ni nzito ajabu, huandikwa moja kwa moja kwenye sanduku jeusi lililo kwenye kona, ambalo hapa wote huliita Ghala. Kila kompyuta ina chumba chake humo. Mpaka juzijuzi kila kompyuta ilikuwa na waya mmoja tu wa kwenda Ghalani, na waya ukitikisika, kazi inakufa.

"Tumempoteza bwana harusi mmoja hivyo," anasema. "Bibi harusi tunaye, kapendeza, kashika mkono wa mtu asiyekuwepo. Nilisikia aibu, mwenzangu. Mimi nawawekea watu njia mbili mji mzima, kwangu naishi kwa moja!"

"Mganga hajigangi," anadakia mtu mlangoni.

Huyo aliyeingia na sinia la vikombe ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Ana miaka sitini na sita na anaitwa Mama Giza. Asikutishe. Jina hilo limetokana na chumba cha nyuma kabisa, chumba cha giza, ambamo kwa zaidi ya miaka thelathini alisafisha picha za mtaa mzima chini ya taa ndogo nyekundu. Mdogo wake, mume wa Njia Mbili, ndiye aliyekuwa mpiga picha huko mbele. Yeye wanamwita Tabasamu, na ana haki ya jina hilo, kwa sababu kulitaja neno hilo ndiko kulikomlisha. Siku hizi mikono yake inatetemeka, kamera ameiweka kabatini. Anatembelea mkongojo, na kazi yake ni kupokea wageni na kuchemsha chai.

"Wifi, unywe kabla haijapoa," anasema Mama Giza. "Au nayo unataka vikombe viwili, kimoja kikivunjika?"

"Nipe viwili."

"Njia mbili zilimshinda fisi, wewe."

Methali hiyo hutajwa hapa kila siku. Kila mteja anayeiona kompyuta yenye waya mbili huisema, akidhani ni wa kwanza kuisema, naye Njia Mbili hucheka kama hajawahi kuisikia. Fisi, kama wote tujuavyo, alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kulia na kushoto, akataka zote mbili, akapasuka katikati.

Lakini fundi huyu ana kesi na methali hiyo, na ndiyo anayoitumia kufundishia.

"Fisi hakushindwa na njia," anasema, kidole hewani. "Alishindwa kwa sababu hakuambiwa kwamba nyama ni moja. Kompyuta ni vilevile. Ukiichomekea waya mbili ukaondoka zako, yenyewe inaona maghala mawili. Haijui ni lilelile. Inaandika huku, inaandika kule, inajipasua msamba. Kazi yangu kubwa si waya. Waya hata wewe utachomeka. Kazi yangu ni kukaa hapa nikaiambia: sikiliza mama, huku na huku kote ni kwenu. Njia mbili, nyumba moja. Hii ikifungwa pita ile, wala usipige kelele."

Huko kuiambia ni programu. Anaifungua, anaandika anwani za njia ya kwanza, kisha za njia ya pili. Kwenye kioo ambapo palikuwa na diski mbili zinazofanana kama mapacha, sasa inabaki moja. Huo ndio wakati anaoupenda.

"Hapo," anasema. "Fisi kashiba."

Alipofika studio hii alikuwa bi harusi wa miaka ishirini na miwili asiyejua hata kufungua kamera. Mama Giza alimshika mkono akamwingiza chumba cha nyuma, akafunga mlango, akazima taa.

"Nilidhani ananichukia," anakumbuka Njia Mbili. "Giza totoro, mikono kwenye maji baridi, harufu ya dawa. Nikasema moyoni, mawifi hawa, maneno ya watu ni kweli! Kisha akawasha ile taa nyekundu. Kwenye sinia kulikuwa na karatasi nyeupe. Akaniambia tikisa polepole. Nikatikisa. Mara ikatokea nyusi. Kisha jicho. Mtu mzima akanitokea ndani ya maji, ananitazama. Nililia, hakika. Mpaka leo nikikumbuka giza lile nataka kulia."

"Ulilia ukanimwagia dawa," anasema Mama Giza.

"Nililia kwa adabu."

Walifanya kazi humo bega kwa bega. Humo walisemana, humo walipatana, humo Njia Mbili alimwambia wifi yake kwamba ana mimba kabla hata mume hajajua. Mama Giza anasema hakuna mahali pazuri pa kuambiana mambo kama gizani, kwa sababu huoni mwenzako anakunja uso. Jioni za mwisho wa mwezi watu walijaa mpaka barabarani wakisubiri bahasha zao, na ukitoka nje kutoka chumba cha giza, jua lilikuumiza macho na kila mtu alikuita kwa jina.

"Nilijua nani kapata mtoto kabla babu wa mtoto hajajua," anasema Mama Giza. "Leo watu wanapiga picha mia kwa siku, sizioni hata moja. Wanaziweka wapi?"

Tabasamu anakoroga chai yake, ambayo haina sukari.

Simu zilipokuja na kamera zake, foleni ilikatika. Njia Mbili akaenda kujifunza ufundi wa kompyuta kwenye karakana moja, yeye mama wa watoto watatu katikati ya vijana, akaanza kulaza waya kwenye maofisi. Siku moja panya alitafuna waya mmoja kwenye kiwanda cha kuchapa, na kiwanda kizima kikakaa kinamtazama yeye. Tangu hapo hajaweka tena njia moja mahali popote. Anasema panya yule angekuwa mtu angemshonea suti.

Sasa tufike kwenye jambo lililomleta mwandishi huyu hapa leo na si siku nyingine.

Majuma mawili yaliyopita, wakipangua sanduku la chini kabisa, Mama Giza alitoa bahasha ya mteja fulani, mwenye duka la baiskeli, marehemu sasa. Akainyanyua filamu dirishani kuiangalia. Yeye husoma negetivu kama wengine tunavyosoma gazeti. Baiskeli, baiskeli, mwenye duka, baiskeli. Kisha mkiani kabisa mwa filamu, kipande kimoja kisichokuwa cha mteja.

"Niliijua nguo," anasema. Sauti yake inashuka. "Ile nguo ya mistari niliijua, maana nilikuwa nikiishika nikilala. Lakini uso haukunikubali. Uso kwenye negetivu ni kama kivuli. Nikamwita huyu mdogo wangu, nikamwambia, njoo, nadhani nimempata mama."

Mama yao alifariki Mama Giza akiwa na miaka saba na Tabasamu akiwa bado ananyonya. Baba yao, mwanzilishi wa studio, alipiga picha za mji mzima lakini mkewe alimpiga picha mara moja tu, kwa filamu iliyobaki ya mteja. Picha ilisafishwa ikawekwa ukutani. Mchwa wakala fremu, wakamla na mama, Tabasamu akiwa bado mchanga. Negetivu yake ilitafutwa miaka nenda miaka rudi. Kumbe imelala na baiskeli.

Na filamu hiyo ndiyo mbovu kuliko zote. Imejikunja kama gome, pembeni imeshaanza kupasuka. Mashine ya kusafishia iliuzwa zamani, karatasi na dawa hazipatikani tena. Imebaki skana, na skana ni mara moja.

Tabasamu hajawahi kuiona sura ya mama yake. Ana miaka sitini kasoro, na hajawahi. Njia Mbili naye amekaa kwenye nyumba ya mama mkwe miaka thelathini na moja bila kumjua sura.

"Kwa hiyo nimemwambia wifi," anasema Mama Giza, akiweka kikombe chini, "hiyo haitoki kwenye bahasha mpaka nione kwa macho yangu hizo njia zako mbili. Sitaki maneno. Bwana harusi alipotea hivihivi huku tumeambiwa mtandao ni mzima."

"Na leo utaona," anasema Njia Mbili.

Anaeleza alivyopanga. Kila kompyuta imewekewa kadi ya pili ya mtandao. Waya nyekundu zote zinakwenda kwenye swichi ya kwanza, kijisanduku chenye taa za kijani zinazopepesa. Waya za bluu zinakwenda kwenye swichi ya pili, ya aina hiyohiyo, upande wa pili wa chumba. Kutoka kwenye kila swichi unatoka waya wake hadi Ghalani. Chini ya meza kuna betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika. Hakuna mahali ambapo njia hizi zinakutana, anasema, mpaka mlangoni mwa Ghala lenyewe.

Jaribio la kwanza wanatumia picha isiyo na maana, ukurasa wa kalenda ya zamani. Skana inaguruma, mstari wa kijani unaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Njia Mbili anachomoa waya mwekundu. Mstari unasita kidogo, sote tunasita nao, kisha unaendelea. Anaurudisha, anachomoa wa bluu. Mstari hata haukushtuka.

"Haya! Sema neno, wifi."

Mama Giza anainuka.

"Hizo umezichomoa wewe, unazijua," anasema. "Waya ukitaka kukatika hauombi ruhusa. Anza tena hiyo kalenda, mimi nichomoe ninachotaka."

Mstari unaanza kutambaa upya. Mama Giza anazunguka chumba, mikono nyuma, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Anaipita swichi ya kwanza. Anaipita ya pili. Anainama, anafuata kwa kidole waya mweupe wa ekstensheni unaotokea nyuma ya kabati hadi kwenye betri, unakochukua umeme, na anauchomoa.

Taa za kijani zinazimika, zote, pande zote mbili za chumba. Mstari unasimama. Kwenye kioo panatokea maandishi mekundu, na kalenda inabakia na nusu ya mwezi.

"Mama yangu angekuwa hapo," anasema Mama Giza.

Njia Mbili anapiga magoti, anafuata waya mmoja mmoja, anatambaa hadi nyuma ya kabati. Sauti yake inapotoka huko ni ya juu. "Nani kaigusa hii? Nani? Swichi ya pili niliichomeka dirishani, kwenye soketi yake peke yake! Imefikaje kwenye ekstensheni ya hii nyingine?"

Tabasamu anakohoa.

Na hapa msomaji inabidi aelewe jambo moja kuhusu studio hii. Soketi ya dirishani ni ya chai. Ilikuwa ya chai tangu enzi za baba yao, na birika la umeme limekaa hapo kwenye kigoda chake muda mrefu kuliko kompyuta yoyote. Wateja walioogopa kamera walipelekwa pale kwanza, wakapewa kikombe, wakatulia. Hakuna mtu wa familia hii ambaye angefika asubuhi, akakuta plagi ngeni kwenye soketi ya chai, akaiacha.

"Nilisema dakika mbili tu," anasema Tabasamu. "Maji yachemke. Nikaihamishia pale pana nafasi. Taa zikawaka, nikaona basi, si zinawaka?"

"Jamani, huyu mume!" Njia Mbili anashika kiuno. "Nimelaza waya siku nzima, nimetenga huku na huku, kisha bwana anakuja kuzifunga kwenye mti mmoja kwa ajili ya chai!"

"Mbona nawe umeinywa?" anauliza Tabasamu kwa upole.

Kuna nukta ambapo hujui kama ni ugomvi au la. Kisha Mama Giza anaanza kucheka, kicheko cha tumboni kinachomtikisa mabega, na mawifi wawili wanashikana mikono wakicheka mpaka Njia Mbili anafuta macho kwa upindo wa blauzi.

"Umeniokoa, wifi," anasema, sasa bila mzaha. "Ningeilaza filamu ya mama mkwe kwenye kioo nikijua niko salama. Ningejisamehe vipi?"

Birika linahamishwa. Baada ya mjadala mfupi, linapelekwa chumba cha giza, ambako kuna soketi iliyokuwa ya taa nyekundu. Tabasamu anabeba kigoda mwenyewe. Dirishani panabaki alama nne za miguu ya kigoda kwenye sakafu, na anaziangalia kwa muda.

Swichi ya pili inarudishwa kwenye soketi ya dirisha. Wanajaribu tena. Mama Giza anachomoa ekstensheni, anachomoa plagi ya dirishani, anachomoa waya kwa kuvizia huku akizungumzia bei ya nyanya. Kila akikata upande mmoja, mstari unatambaa kwa upande wa pili. Kalenda inapita nzima.

"Haya," anasema. Anakwenda kunawa mikono.

Filamu anailaza yeye mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kujitolea. Vidole vyake, ambavyo kwa kazi nyingine yoyote vimeshakuwa vizito, vinaikunjua ile filamu kidogo kidogo, vinaishusha kwenye kioo, vinaishika pembeni. Inalia kidogo, kama jani kavu. Pembe moja inakatika. Anafumba macho, anafumbua, anaendelea. Kifuniko kinashuka.

"Anza."

Njia Mbili anabonyeza. Skana inaguruma. Mstari wa kijani unaanza safari yake, polepole kuliko mwanzo, maana picha hii wameiomba iwe nzito kadiri mashine inavyoweza.

Tabasamu amekaa kwenye kiti cha nyuma. Mstari unafika robo. Kwenye kioo, kwa juu, panaanza kuonekana kitu, labda mlango, labda ukuta wenye jua. Unafika theluthi. Mzee wa watu hawezi kukaa. Anasimama, anasogea aone vizuri, mkongojo mbele, macho kwenye kioo na si kwenye sakafu, na mkongojo unanasa waya wa bluu na kuutoa mzima mzima.

Sauti ya plastiki inalia *tak*. Swichi ya dirishani inapoteza taa moja.

Njia Mbili ameinua mkono mmoja, kwa maana ya kwamba mtu asisogee, mtu asiguse chochote. Mama Giza ameshika ukingo wa meza. Mstari umesimama. Umesimama muda ambao kwa saa ni mdogo sana na kwa moyo ni mrefu mno.

Kisha unatambaa.

"Pita," Njia Mbili anauambia kwa sauti ya chini. "Pita huko kwingine, mama. Nyumba ni ileile. Pita."

Mstari unapita. Unafika mwisho. Kompyuta inageuza rangi, weusi unakuwa weupe, na mwanamke anatokea.

Amesimama mlangoni, nguo ya mistari, jua linampiga upande mmoja wa uso. Anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera, kwa namna ambayo watu hawachekei wapiga picha, bali waume zao. Kwenye nyonga yake ya kushoto kapakata mtoto wa kike mwenye mashavu, ambaye kakunja uso kwa sababu ya jua na kashika nguo ya mama kwa ngumi.

Tabasamu ndiye anayeanza kulia. Analia wazi, bila kujificha, mkono mmoja wa mkewe begani kwake. "Shikamoo mama," anasema. "Shikamoo."

Mama Giza amekaribia kioo mpaka pua inakaribia kugusa. Anatazama kama alivyotazama maelfu ya nyuso za watu wengine.

"Mbona mdogo hivi?" anasema hatimaye. "Wifi, mbona mama ni mtoto? Miaka yote namwogopa, naota ananigombeza, kumbe ni kabinti. Angalia shingo yake. Ningeweza kumzaa huyu."

"Unafanana naye," anasema Njia Mbili.

"Acha uongo."

"Na huyo aliyekunja uso hapo nyongani mwake ni wewe. Hujaacha mpaka leo."

Wanakaa hapo muda mrefu. Mteja wa pasipoti anabisha hodi mbele, na anaombwa asubiri kidogo, kuna mgeni.

Baadaye, machozi yakishafutwa na waya wa bluu ukisharudishwa mahali pake, Mama Giza anauliza lile swali ambalo mafundi wengi hawapendi kuulizwa. Je, sasa hawezi tena kupotea?

Njia Mbili hamdanganyi. "Anaweza, wifi. Njia mbili si nakala mbili. Njia zinakufikisha Ghalani, lakini Ghala lenyewe likiungua, njia hazisaidii kitu. Kesho nilitaka nitoe nakala nyingine ya picha zote, nikuwekee nyumbani kwako, mbali na hapa."

"Kesho kwa nini?"

"Nimechoka, jamani."

"Utapumzika. Weka."

Njia Mbili anacheka, anachukua diski ndogo ya kubebea, anaichomeka. Wakati mafaili yanahama, anaeleza mpango wake. Mwezi ujao Ghala litahamia sebuleni kwake, na kompyuta zote tatu. Kila Jumamosi atafungua mlango, na yeyote aliyewahi kukalia kile kiti cha enzi, au mwanawe, au mjukuu wake, aje ajitafute. Mama Giza ataketi naye kuwatambua, kwa kuwa ndiye anayewajua wote kwa meno. Kiti kinakwenda nao. Pazia bado wanabishania.

"Kuna watu mtaani hapa hawajui sura za mama zao," anasema. "Na mimi ninazo humu. Sasa nitalala vipi?"

Diski inamaliza. Ni ndogo kuliko sabuni ya kufulia. Mama Giza anaifunga kwenye leso yake, anaitia kwenye pochi, anafunga zipu, anajaribu zipu tena kama imefunga. Anaaga. Mlangoni Tabasamu anamnyooshea mkono amsaidie pochi mpaka kituoni, kama afanyavyo kila siku.

Leo anaukataa mkono. Anaihamisha pochi, anaipachika kwenye nyonga ya kushoto na kuikumbatia.

"Niachie mwenyewe," anasema. "Yeye alinibeba."